Korimbia "iliyobadili rangi": kisa cha mti wa kubebesha uliozidiwa na shina lake la chini

Mwenye nyumba kwenye viunga vya Brisbane, Queensland, ananunua mche wa korimbia aina ya 'Summer Red' na kuupanda mita 2.5 kutoka ukutani, kwa kuwa lebo inasema mti wenyewe haupiti mita 5 hivi. Mwaka wa pili unachanua waridi iliyokolea. Mwaka wa nne yanakuja malalamiko matatu kwa mpigo: upande mmoja maua yametoka rangi ya krimu, shinani kunatiririka kitu chekundu kama damu, na tawi moja zito limepasuka kwenye panda. Jirani ameshatoa hukumu kwamba mti unaoza, bora ukatwe. Mwingine anasema udongo ndio umebadili rangi ya maua.

Kisa hiki ni cha mfano, na vipimo vilivyomo ni vya mti wa kawaida wa umri huo, lakini mambo yake hujirudia sana kwa miti ya aina hii. Mti haujabadili rangi wala hauozi. Pale pamesimama miti miwili kwenye mizizi mimoja, na ule usionunuliwa ndio unaoshinda.

Mti huu ni upi

Jenasi Corymbia ni ndugu wa karibu wa mikaratusi. Mkaratusi wenye harufu ya limau unaopandwa Kenya na Tanzania, Corymbia citriodora, ni wa jenasi hiyohiyo. 'Summer Red' ni chotara wa aina mbili. Upande mmoja ni Corymbia ficifolia, mti mdogo wa pwani ya kusini ya Australia Magharibi, katika eneo finyu kuanzia Walpole kuelekea Albany. Kwa kawaida hauvuki mita 10, gome lake lina nyuzinyuzi na makwaruzo, na maua huanzia krimu na waridi hadi chungwa na nyekundu kali. Upande wa pili ni Corymbia ptychocarpa, mti wa kaskazini yenye joto, Kimberley na Arnhem Land, unaopenda kingo za vijito na sehemu zenye majimaji, na majani yake ni makubwa kupita kawaida.

Mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller aliuelezea ule wa kwanza mwaka 1860 kwa jina Eucalyptus ficifolia. Mwaka 1995 wataalamu wenzake wa baadaye, Hill na Johnson, wakauhamishia Corymbia pamoja na ndugu zake. Jina la zamani bado limo kwenye lebo na vitabu vingi, na lina madhara yake: mtu wa Brisbane anayetafuta ushauri kwa jina hilo huangukia maelezo ya Perth au California, sehemu ambazo mvua hunyesha majira ya baridi na majira ya joto huwa makavu. Brisbane mambo ni kinyume. Mvua kubwa ni Desemba hadi Machi, joto na unyevu vikiwa pamoja. Ficifolia safi iliyooteshwa kwa mbegu kwenye mfinyanzi wa Brisbane huanza vizuri, kisha mizizi hulemewa na maji, majani hupata madoa ya kuvu, na mti hufa ukiwa mchanga.

Uchotara unasaidia nusu ya tatizo, yaani majani na matawi. Mizizi ndiyo inayodai kubebesha, yaani kuunganisha kipande cha mti mmoja juu ya shina na mizizi ya mwingine. Kuna sababu nyingine pia: mbegu za korimbia hizi hazishiki rangi ya mama, na vipandikizi vya matawi ni vigumu sana kutoa mizizi. Anayetaka waridi ileile aliyoiona kitaluni hana njia nyingine ya uhakika.

Kubebesha kwenyewe hufanywa kwenye mche mchanga wa korimbia ya pwani ya mashariki, ambao shina lake ni jembamba, milimita chache tu. Kikonyo, yaani kijiti cha mti unaotakiwa, huchukuliwa kwenye tawi lililoanza kukomaa, huachiwa majani machache yaliyokatwa nusu ili yasipoteze maji, huchongwa kwa umbo la kabari ya sentimita mbili hivi, huchomekwa kwenye mpasuko wa shina la chini, hufungwa kwa utepe na kuwekwa penye unyevu mwingi hadi paungane. Kambiamu, tabaka jembamba la ukuaji lililo chini ya gome, za pande zote mbili lazima zigusane angalau upande mmoja. Mche unaobebeshwa hivi huweza kuchanua baada ya miaka miwili au mitatu, wakati wa mbegu hungoja mingi zaidi, na ndiyo sababu bei yake ni kubwa kiasi cha kumfanya mnunuzi ashike kichwa.

Sasa anayejua michungwa ya Muheza iliyobebeshwa juu ya mlimau ameshaona kisa hiki kinakokwenda. Mlimau ukiachiwa uchipue chini ya kiungio, siku moja mkulima anavuna malimau yenye ganda la mabonde na kujiuliza mchungwa wake umelogwa na nani.

Uchunguzi unaanzia chini

Kosa la kawaida ni kuanza na maua, kwa kuwa ndiyo yanayolalamikiwa. Kwenye mti wa kubebesha, kazi huanzia ardhini na kupanda juu.

Hapa shina halionekani linapoingia udongoni. Matandazo ya magome yamerundikwa hadi sentimita 20 kuzunguka shina, na yanaligusa. Yakiondolewa kwa mkono, kiungio kinajitokeza sentimita 15 kutoka kwenye udongo. Dalili zake ni uvimbe mdogo, kipindo kidogo cha shina, na gome linalobadilika ghafla: chini yake limeanza kukatikakatika vipande vidogo vya pembe nne, juu yake ni la nyuzi zaidi. Chini ya kiungio hicho yametoka mashina mawili. Yalikuwa yakipenya kwenye matandazo, na kwa macho ya mwenye nyumba yalionekana kama matawi ya kawaida yanayoanzia ardhini. Moja lina urefu wa mita 4.1, la pili mita 3.6. Shina la kikonyo, yaani 'Summer Red' aliyelipiwa, ni mita 3.2 na liko katikati, kivulini. Kwa kukadiria, thuluthi mbili za majani yote ni za shina la chini.

Maua ya krimu yako kwenye mashina hayo mawili tu. Hakuna hata tawi moja linalotoka juu ya kiungio lenye maua ya krimu. Kipimo hiki hakihitaji maabara: shika tawi lenye maua "yaliyobadilika", ulifuate kwa kidole hadi linapoanzia. Likianzia chini ya uvimbe, jibu limepatikana.

Ni aina gani iliyo chini? Vitalu vya mashariki hutumia C. gummifera, C. intermedia, C. maculata na hata C. citriodora, na lebo mara nyingi haisemi. Majani yakisuguliwa hayanuki limau, kwa hiyo citriodora inatoka. Gome halielekei kuwa laini lenye mabaka, kwa hiyo maculata nayo inatoka. Yanabaki gummifera na intermedia, na kwenye mti mchanga hakuna haja ya kupoteza mchana mzima kuzitenganisha, kwa sababu zote mbili ni miti mikubwa. Gummifera kwenye udongo mzuri hufika mita 20 hadi 35. Ukuta uko mita 2.5. Hapo ndipo rangi ya maua inapoacha kuwa suala la urembo.

Damu

Kitu chekundu ni kino. Korimbia na mikaratusi mingi zinapojeruhiwa, kambiamu hutengeneza mishipa inayojaa maji mazito yenye polifenoli (kemikali za mmea) nyingi. Yakitoka nje hugeuka mekundu yaliyokolea, hukauka vipande vinavyong'aa na kuvunjika upesi, na mvua ikinyesha huyeyuka na kuchafua sakafu ya saruji. Mninga wa miombo hutoa kitu cha namna hiyo unapokatwa, na hakuna anayesema mninga unaoza. Kino ni ushahidi kwamba mti umejeruhiwa na unaziba jeraha. Swali la maana ni nani aliyejeruhi.

Kwenye mti huu inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni kwenye shina la kikonyo, sentimita 60 kutoka ardhini, katika mstari mlalo unaozunguka nusu ya shina. Waya wa kufungia mti kwenye nguzo uliachwa tangu siku ya kupanda, na shina limenenepa hadi waya umezama ndani ya gome. Jeraha la mstari mlalo ulionyooka karibu kila mara ni kazi ya binadamu: waya, kamba ya nailoni, au mashine ya kukatia nyasi.

Ya pili iko kwenye panda ya tawi, na hapo pana tundu dogo lenye unga wa mbao uliochanganyika na kinyesi cha mdudu. Ni funza anayetoboa mbao. Waya mwembamba unaopindika ukiingizwa polepole humfikia na kumuua. Sumu ya kupuliza juu ya gome haina faida hapo, kwani mdudu yuko ndani. Tawi lililopasuka ndilo lililokuwa na tundu hilo, ingawa funza alikuwa msaidizi tu.

Kuna ugonjwa mmoja ambao lazima uondolewe kwenye orodha kabla ya kusema mti ni mzima. Kuvu aitwaye Quambalaria coyrecup husababisha donda linaloua ficifolia na jamaa yake marri, C. calophylla, huko Australia Magharibi. Donda hilo gome lake hupasuka na kuzama, kingo zake husogea mwaka hadi mwaka, kino hutoka mfululizo, na mwisho hulizunguka shina lote. Kutofautisha, kata dirisha dogo la gome la sentimita 1 kwa 2 kwa kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, kwenye ukingo wa jeraha. Hapa tishu ni kijani-krimu na zenye maji hadi kwenye mstari wa waya wenyewe. Zingekuwa za kahawia kwa sentimita kadhaa kupita jeraha linaloonekana, kisa kingekuwa kingine kabisa. Majani machanga pia yanaangaliwa kama yana unga wa njano, dalili ya kutu, ugonjwa wa kuvu Austropuccinia psidii uliogunduliwa Australia mwaka 2010. Hakuna.

Kwa nini tawi lilipasuka

Maua ya korimbia hukaa kwenye ncha za matawi, nje kabisa. Yakimaliza, huacha matunda magumu ya mbao yenye umbo la mtungi, na ya ficifolia hufika urefu wa sentimita 3 na zaidi. Kichala kizima cha matunda hayo, yakiwa bado mabichi na yamejaa maji, kikining'inia kwenye ncha ya tawi refu jembamba, ni mzigo mkubwa. Mti wa mbegu hujenga matawi yake polepole kabla ya kuchanua. Huu wa kubebesha huanza kuzaa kabla haujawa na mabega ya kubebea.

Hapa mwenye nyumba ameongeza mambo mawili bila kujua. Samadi ya kuku, ndoo nzima kila majira ya kuchipua (Septemba hadi Novemba), imesukuma machipukizi marefu na laini. Na mashina ya chini yaliyotia kivuli yamekilazimisha kikonyo kurefuka kikitafuta jua badala ya kunenepa. Tawi likawa refu, laini, na zito nchani, lenye tundu kwenye panda. Upepo wa dhoruba moja ya Februari ulitosha.

Kazi yenyewe

Wakati mzuri Brisbane ni Mei hadi Agosti. Mvua imepungua, majeraha hukauka, na kuvu hawana unyevu wa kuota. Kazi inagawanywa mara mbili. Wapo mafundi wanaokata vyote siku moja, na mti mara nyingi hupona, lakini kuondoa thuluthi mbili za majani kwa mkupuo kunaiacha mizizi bila chakula na kuamsha wingu la machipukizi mapya. Kwa mti ulioelemewa kiasi hiki, hatua mbili ni salama zaidi.

Mei: matandazo yanasogezwa sentimita 15 kutoka shinani na kubakizwa unene wa sentimita 5 hadi 7. Waya unakatwa vipande na kuvutwa. Kipande kilichozama mno na kufunikwa na mbao hakichimbuliwi, kwani kukichimbua kunajeruhi kuliko kukiacha. Vichala vyote vilivyomaliza kuchanua vinakatwa sentimita 10 hadi 20 nyuma ya ua, kabla matunda hayajakomaa. Hili linafanywa mara tu baada ya maua na si majira ya kuchipua, kwa sababu vitumba vya msimu ujao vitatoka kwenye ncha za ukuaji mpya, na mkasi wa majira hayo huenda navyo.

Kisha linakatwa lile shina la mita 4.1, ambalo ndilo linalokitia kikonyo kivuli. Unene wake chini ni sentimita 6 hivi, na zito kiasi cha kuchana gome likianguka lenyewe. Kwa hiyo linafungwa kamba kuelekezwa mbali na ukuta, linakatwa kwa chini hadi thuluthi ya unene, sentimita 30 kutoka linapoanzia, kisha kwa juu sentimita chache mbele ya hapo hadi lianguke. Kisiki kinachobaki kinakatwa mwisho, karibu na shingo yake bila kuingia kwenye shina kuu. Shina la pili linapunguzwa nusu tu, lisubiri Agosti.

Kila panapokatwa shina la chini, mtu hutokea na chupa ya glaifosati, dawa ya kuua mimea, apake kisiki. Asiruhusiwe. Kisiki hicho na 'Summer Red' wanatumia mizizi mimoja. Dawa inayoshuka kwenye kisiki huweza kupanda na upande wa pili, na mti wote ukanyauka. Rangi na lami za kufunikia majeraha nazo hazihitajiki. Huzuia unyevu usitoke na kuwafaa kuvu kuliko mti.

Agosti, shina la pili linaondolewa kwa njia ileile. Sasa shina la kikonyo, lililokuwa kivulini kwa muda mrefu, litapigwa na jua la alasiri upande wa magharibi, na gome lake halijazoea. Rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ikipakwa upande huo huzuia kuungua. Nguzo mbili, moja kila upande, na ukanda mpana laini unaolegea kidogo kwa umbo la nane, huwekwa kwenye thuluthi ya chini ya urefu. Mti lazima uweze kuyumba, maana kuyumba ndiko kunakonenepesha shina. Ndani ya mwaka vyote vinatolewa.

Udongo unapimwa kwa shimo la kina cha sentimita 30 lililojazwa maji, mita moja na nusu hivi kutoka shinani ili mizizi mikubwa isikatwe. Likiwa bado na maji siku inayofuata, tatizo ni maji kukaa, na bomba la matone linalofunguliwa kila siku pale shinani linazidisha. Bomba linafungwa. Kwenye ukame, lita 20 mara moja kwa wiki, zikimwagwa chini ya ukingo wa majani, zinatosha mti wa ukubwa huu. Samadi inasimama kwa msimu mzima, na baadaye inabadilishwa na mbolea inayotoka polepole ya mimea ya asili ya Australia.

Kinachofuata

Shina la chini halikati tamaa. Korimbia hizi zina kivimbe kigumu kwenye shingo ya mizizi, lignotuba, kilichojaa vichipukizi vilivyolala vikingoja moto au msumeno. Wiki chache baada ya kukata, hasa joto la Septemba likianza, vinaamka. Machipukizi yake mara nyingi ni mekundu-mekundu na yana vinyweleo vya kukwaruza, tofauti na majani laini mapana ya juu. Yakiwa chini ya sentimita 5 hung'olewa kwa dole gumba, na kung'oa ni bora kuliko kukata, kwa sababu vichipukizi vya pembeni mwa kitako cha chipukizi hutoka pamoja nacho. Ukaguzi wa kila wiki mbili toka Septemba hadi Machi, kwa miaka miwili, ndio gharama halisi ya kisa hiki. Ukipitwa na msimu mmoja tu, kuna fimbo ya mita moja inayohitaji msumeno tena.

Majira ya joto ya kwanza maua yatakuwa machache, nguvu zikienda kwenye majani. Jeraha la waya huanza kufunikwa na mdomo wa gome jipya kutoka pande zote mbili, na kino hupungua yenyewe. Ikiendelea kumwagika baada ya mwaka, dirisha la gome linafunguliwa tena.

Kuna hali ambayo hakuna haja ya kuhangaika. Kikonyo kikiwa kimekufa zaidi ya nusu ya mzunguko wake pale kwenye kiungio, au kiungio kikiwa na ufa unaopitisha ncha ya kisu, mti utavunjika hapo siku moja. Hapo unaondolewa wote, na hapo ndipo dawa ya kisiki inapokuwa na kazi. Brisbane ina sheria ya halmashauri ya kulinda uoto, Natural Assets Local Law ya 2003, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kwanza kama kiwanja kimo kwenye ulinzi huo kabla ya kuita fundi. Kuacha shina la chini liendelee "kwa kuwa nalo ni mti" kunaweza kufaa kwenye shamba, ila si mita 2.5 kutoka ukutani.

Swali la mwisho la mwenye nyumba ni kuhusu matunda yaliyokatwa: aoteshe mbegu? Zitaota. Za matunda madogo ya mtungi, kutoka matawi ya krimu, zitatoa miti mikubwa ya maua ya krimu. Za 'Summer Red' ni za chotara, na kila mche utakuwa na rangi na kimo chake, bila njia ya kujua hadi uchanue. Akitaka waridi ileile, achukue vikonyo Mei hiyohiyo kwenye matawi anayoyapunguza, avifunge kwenye karatasi yenye unyevu, na avipeleke kwa mbebeshaji siku hiyohiyo.